Kiti cha Nyuma Kina Mtu

"Hii ni ya nani?"

Bizhan aligeuka na spana mkononi. Mchumba wake, Ladan, alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji ya nyumbani kwa kina Bizhan, kavaa helmeti mpya nyeusi. Ilikuwa imemzidi, imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Ya abiria," alisema Bizhan.

"Abiria gani?"

"Wa Alhamisi."

"Ana kichwa kikubwa huyo mwenzangu."

Bizhan alitaka kucheka, akajikumbuka, akauinamia mnyororo wa pikipiki kama mtu aliyepoteza kitu.

Safari yenyewe Ladan aliijua. Majira yote ya baridi Bizhan alikuwa akiipanga: kutoka hapa Qazvin kupanda milima mpaka Alamut, theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka na maua ya kwanza yanachungulia. Alitaka aende kabla mwaka mpya wa Kiajemi, unaoanza na machipuko, haujaingia, maana sikukuu zikifika watu wa Tehran huijaza milima kwa magari, na njia nyingine hufungwa kabisa kwa pikipiki. Alikuwa amechora kila kona nyuma ya kalenda ya zamani. Na Bizhan alimkaribisha Ladan. Alimkaribisha mara mbili, na mara zote mbili Ladan akasema ana kazi.

Sasa mtu asimlaumu. Kwetu mwenye malezi haitikii mwaliko wa kwanza. Ukikaribishwa chai unasema umeshakunywa, hata kama koo limekauka. Ukikaribishwa tena unasema msijisumbue. Mara ya tatu ndipo unapoketi na kumaliza birika. Ladan alikataa ya kwanza kwa adabu, akakataa ya pili kwa adabu, huku jaketi la safari ameshalinunua na kulificha kabatini. Akakaa anasubiri ya tatu. Ya tatu haikuja, ikaja helmeti.

"Niambie jina tu," alisema.

"Nimekula kiapo, Ladan. Nikirudi utajua kila kitu."

"Kiapo kwa nani?"

"Kwa abiria."

Ladan aliivua ile helmeti, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki taratibu, akaondoka bila kuaga.

Jioni aliyamwaga yote mezani mbele ya baba yake, Mzee Nosrat, na shangazi yake Touran. Shangazi alikuwa anakaa ghorofa ya juu lakini maisha yake yote yalikuwa chini. Yeye hakuhitaji kufikiri sana.

"Mwanamume anayeficha abiria, mwanangu, huyo hana safari. Huyo ana mke."

Mzee Nosrat alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya mpaka likabaki halina hata uzi mmoja mweupe.

"Labda ni mtu mwenye haja yake," alisema.

"Haja gani, baba, ya kupanda mlima na mchumba wangu?"

Mzee aligawa chungwa, akaomba radhi, akaenda kulala mapema. Ladan alimhurumia. Alijua wiki hiyo ilikuwa nzito kwake. Alhamisi ya mwisho ya mwaka kila mtu huenda makaburini na halua na tende, na mama yake Ladan amezikwa kijijini kwao, juu kabisa Alamut. Mwaka uliopita mvua ilibomoa kipande cha mwisho cha barabara, gari haliwezi kufika tena. Mwaka huu Ladan mwenyewe ndiye aliyekataza. Mzee alikuwa amepasuliwa mgongo, na Ladan, mfamasia, alikuwa anamhesabia vidonge kama mama mlezi. Halua wangeipika, wakaigawa kwa majirani, na kaburini wangekwenda kiangazi. Mzee alisema sawa.

Jumatano Ladan aliikoroga halua mpaka mkono ukafa ganzi. Kila alipokoroga alimwona mwanamke. Mara ni mrefu, mara ana nywele fupi, mara ana pikipiki yake mwenyewe ila kaiacha nyumbani. Udadisi ulimla kuliko hata wivu. Akamwandikia Bizhan kwenye simu:

"Ni mwanamke?"

Jibu likaja haraka. "Hapana."

"Namfahamu?"

Ladan alikoroga halua, akaitazama simu, akakoroga tena. Kisha: "Usiniulize hivyo, Ladan. Nakupenda. Alhamisi alfajiri tunaondoka, jioni nimerudi."

"Ukirudi utaikuta pete kwa mama yako."

Aliutuma ujumbe huo, akalia, akaendelea kukoroga. Hakuwa anatania. Mtu anayekuficha jambo kabla ya ndoa, je, baada ya ndoa itakuwaje?

Alfajiri ya Alhamisi aliivua pete, akaitia mfukoni, akamwamsha Shangazi Touran. Kila anayepanda Alamut hujaza tanki kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, pale mjini panapoishia, na wao walikwenda kumsubiri hapo kwa teksi. Kabla ya kutoka Ladan alipita chumbani kwa baba yake ampe dawa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alidhani mzee amewahi msikitini.

Hawakusubiri sana. Pikipiki iliingia polepole, polepole mno kwa Bizhan. Nyuma yake alikaa mtu kajifunga koti refu na shali, helmeti nyeusi imemkaa sawasawa, na mapajani kapakata sinia lililofungwa kwa kitambaa. Ladan aliitambua ile miraba ya buluu. Kilikuwa kitambaa cha jikoni kwake.

Alishuka kwenye teksi. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimtoka kichwani.

"Baba?"

Mzee Nosrat aliivua helmeti. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama.

"Usimgombeze kijana," alisema. "Mimi ndiye niliyemwapisha. Ungejua ungenizuia."

"Na mgongo wako, baba?"

"Mgongo ni wangu, Ladan. Na mama yako naye ni wangu."

Shangazi Touran, aliyekuwa ameshuka nyuma yake, alijifanya anatafuta nauli ya teksi.

"Alikuja nyumbani wewe uko kazini," mzee aliendelea. "Akanionyesha njia yake kwenye kalenda, nikaona inapita kijijini. Akasema, karibu baba, kiti cha nyuma ni chako. Alisema kwa adabu tu, kama tunavyosema sote. Nami nikakubali papo hapo, kama mtu asiyelelewa. Uso ulimshuka maskini." Akalishika sinia vizuri. "Lakini ningekataa halafu asirudie, je? Nina miaka mingapi ya kusubiri mwaliko wa tatu?"

Ladan alimgeukia Bizhan, macho yamejaa.

"Mimi nilikuwa nausubiri wa tatu."

"Nilikuwa naja nao," alisema Bizhan. "Nilipitia kwa baba yako kwanza, kuomba ruhusa ya kukuchukua. Akakiwahi kiti."

Ladan alicheka huku analia. Alikaza mkanda wa helmeti chini ya kidevu cha baba yake, akamtia vidonge mfukoni, akamwambia Bizhan kwamba kila wakifika kwenye kona kali wapunguze, na kwenye kipande kilichobomoka mzee ashuke atembee. Kisha akaitoa pete mfukoni, akaivaa mbele yao wote. Pikipiki ikapanda mlima ikinyatanyata. Jioni walirudi matope mpaka magotini, sinia tupu, na mzee aliingia ndani wima, akaomba chakula mara mbili.

Ndoa ilifungwa sikukuu za mwaka mpya zikiwa hazijaisha. Bibi na bwana harusi waliketi mbele ya kioo, na wanawake wakawashikia kitambaa cheupe juu ya vichwa, wakisugua mabonge ya sukari juu yake ili maisha yao yawe matamu. Kwetu bibi harusi huulizwa mara tatu kama anakubali. Ya kwanza hanyanyui hata macho, na wanawake humjibia kwamba amekwenda kuchuma maua. Ya pili husema amekwenda kuleta marashi. Ya tatu ndipo anapoitikia, na kazi hiyo ya kumjibia Shangazi Touran alikuwa ameidai tangu Ladan akiwa mchanga.

Shehe aliuliza mara ya kwanza. Shangazi akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Kwa idhini ya baba yangu na wakubwa wangu," alisema Ladan, "ndiyo."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Kisha Mzee Nosrat, kwenye kiti chake cha mbele, akaanza kucheka mpaka akajishika mgongo.

"Na maua je?" aliuliza Shangazi Touran, karibu alie. "Mimi niseme nini sasa?"

"Tutayachuma njiani, shangazi," alisema Ladan. "Pikipiki iko nje."