Kikombe cha Wilf

Alhamisi ile ilianza vizuri tu. Doris Hebblethwaite, mwenye baa kongwe ya Kondoo Mweusi huko Yorkshire, aliwauzia wazee bia zao, na saa tisa alasiri akapiga kengele. Sheria ilikuwa hivyo: ikishalia, hakuna kunywa mpaka jioni.

"Doris, dada yangu, hata funda moja?" alibembeleza mzee Seth.

"La mwisho umeshalimeza. Nenda nyumbani, mkeo akuone sura."

Akafunga mlango kwa komeo, akaosha vikombe, akavitundika. Pale kila mteja wa siku zote alikuwa na kikombe chake cha bati zito kwenye kulabu yake, na hakuna mwingine aliyekigusa. Ndiyo maana watu waliingiwa na hofu siku kikombe cha Amos kilipokutwa kimelowa bia asubuhi, na Amos akazikwa wiki hiyo hiyo. Kisha kikalowa cha Enoch, naye akafuata. Walinong'ona kuhusu mtu wa kofia nyeusi, aliyeonekana kwenye kiti cha karibu na moto tangu enzi za mababu.

Doris hakutaka hata kusikia. Ghorofani mumewe, Wilf, alikuwa siku ya tisa kitandani kwa kichomi.

Alimpelekea mchuzi. Wakati anashuka ngazi, akasikia mtu akimeza.

Akasimama. Komeo lilikuwa mahali pake. Kulabu moja ilikuwa tupu.

Mtu alikuwa amekaa karibu na moto. Kofia yake ilichuruzika maji. Sakafu ilikuwa kavu. Mkononi alishika kikombe cha Wilf, na bia ilibaki nusu.

Doris alimalizia ngazi. Kisha hasira ikampanda.

"Tumefunga," alinong'ona.

Mtu akainua kikombe.

"Kengele hukuisikia? Hapa hanywi mtu baada ya kengele, awe hai, awe maiti!"

Akakikamata. Mtu akavuta. Doris akavuta. Baridi ikampanda hadi begani, meno yakagongana. Hakuachia.

"Mume wangu humpati, mshenzi wee!"

Akakipokonya, akaimwaga bia motoni, akaipiga kengele mpaka kamba ikakatika. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

"Doris!" Wilf aliita kutoka juu. "Unamfokea nani? Niletee mkate, nina njaa."

Jumamosi Wilf alishuka mwenyewe. Seth ndiye aliyekitazama kikombe vizuri. Upande mmoja alama za vidole vinne virefu zilikuwa zimedidimia kwenye bati kama kwenye unga uliokandwa. Upande wa pili kulikuwa na za vinne vifupi, kimoja kikiwa na alama ya pete. Bati lile hata nyundo ilikuwa hailibonyezi kirahisi.

"Tukigeuzie ukutani?" Seth aliuliza kwa sauti ndogo.

"Thubutu! Upande wangu utazame mlango. Akirudi, auone."