Majani Mbele ya Tundu la Mdiria

Kila asubuhi kabla ya shule, Arlette alibeba bidoni lake la njano, dumu la kuchotea maji, na kuteremka kwenye mto Mutambala, nje kidogo ya Baraka. Wenzake walichota maji na kuondoka haraka. Yeye alikawia, akitazama ukingo mrefu wa udongo ambamo mdiria, wale ndege weusi kwa weupe wanaozamia samaki, walikuwa wamechimba matundu ya kutagia.

Tundu moja alionyeshwa na baba yake, Casimir. "Bitoto bikianza kuruka, tutakuja kutazama sisi wawili," alimwambia. Mayai yalikuwa hayajaanguliwa wakati dhoruba ilipoupindua mtumbwi wa Casimir ziwani, naye akafa maji. Sasa Arlette aliwasikia vifaranga wakilia ndani ya udongo, na alitaka jambo moja tu: awaone wakiruka, yeye peke yake, badala ya wawili.

Kila Jumamosi familia ilikwenda kaburini kwake kung'oa majani na kufagia, kwani kwao kaburi lenye majani ni la mtu aliyesahauliwa. Ndiyo sababu Arlette alipoyaona majani marefu yakining'inia mbele ya tundu, moyo ulimuuma vilevile. Akaleta jembe, akachonga vidaraja vya kukanyagia kwenye ukingo, akapanda, akang'oa majani yote na kufagia.

Rafiki yake Tania alicheka hadi akaliweka bidoni chini. "We Arlette! Kwenu mama anakuita mpaka sauti inakauka, na ufagio huugusi. Leo uko nafagilia ndege?"

"Nyamaza. Nyumba yabo lazima ikuwe safi."

Kesho yake hakukuwa na sauti ndani ya tundu. Mlango wake ulikuwa umechimbwa ukawa mpana, na manyoya membamba yalitapakaa kwenye vidaraja. Mdiria mmoja alipepea hapo mbele na samaki mdogo mdomoni. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Hakuwa na wa kumlisha. Tania hakucheka.

Bertin, baba mdogo wa Arlette, alikuwa akiosha wavu karibu na hapo. Walipomwita alikuja, akainama, akagusa mstari uliochorwa udongoni.

"Mkia wa kenge," alisema. "Hapa palikuwa wima, hangeweza kupanda. Nani alimutengenezea ngazi?"

"Ni mi." Arlette alishindwa kuinua uso. "Nilitaka tu kubafagilia, baba mudogo. Kama vile tunafanya kwa kaburi ya papa."

Bertin hakumgombeza. Aliuweka wavu chini. "Lete jembe. Kuko tundu lingine pale pembeni, iko na bitoto. Tuvunje hizi ngazi mbele ya kenge kurudi."

Walibomoa vidaraja vyote, ukingo ukawa wima tena. Tundu la pili lilikuwa limefichwa na majani. Hakuna aliyeyagusa.

Tangu siku ile Arlette alikaa ng'ambo ya mto, juu ya jiwe. Kutoka pale aliwaona wazazi wakizamia, wakipishana mlangoni bila woga. Asubuhi moja vifaranga walitoka, mmoja baada ya mwingine, wakayumba juu ya maji. Tania alitaka kuvuka awafuate. Arlette akamshika sketi.

"Tukae hapa. Hapa hatubaogopeshi."

Alitazama mpaka wa mwisho akatua kwenye tawi. Nafasi iliyokuwa kando yake juu ya jiwe, ile ya baba, hakumruhusu Tania aikalie.

Jumamosi, kaburini, alishika ufagio, kisha mkono ukasita. "Baba mudogo, na yeye tumuachie majani?"

Bertin aling'oa jani lililokuwa miguuni pake. "Papa yako hana tena adui wa kumukimbia. Ndiyo maana tunamufagilia. Lakini mwenye kuishi anahitaji pa kujificha. Ukipenda munyama, mutazame kwa mbali, na nyumba yake umuachie vile aliijenga."

Arlette akainama, akafagia taratibu, mpaka udongo mtupu ukaonekana.