Bahasha ya Sabra

Hebu niambie, ungemwelewa mwanamume anayekupigia simu kila jioni, halafu siku umeugua anakupita kama hakujui?

Sabra hakumwelewa. Walijuana Jumamosi sokoni, Morogoro mjini, watu wanakanyagana. Sabra yuko nyuma ya meza ya karoti zilizoshuka kutoka milima ya Mgeta zikiwa bado na umande, dera la zambarau, kilemba kimelalia upande. Stambuli, shati la bluu limenyooka kwa pasi, anachagua karoti mojamoja, anazigeuzageuza.

"Kaka, unanunua karoti au unaposa?"

"Nikiposa utaniongezea ngapi?"

"Nitakupunguzia! Unavyonizibia wateja!"

Stambuli akaomba namba, akapewa. Basi simu ikawa haipoi.

"Umekula, karoti yangu?"

"Nimekula, mzee wa kuchagua."

Ila kuna jambo Sabra alilificha. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu inamtoka siku kumi kila mwezi, naye mtoto anamtamani mpaka ndotoni. Hospitali daktari akamweleza kuna utafiti: wengine wanapewa vidonge, wengine wanapasuliwa, uvimbe unatolewa, kizazi kinabaki. Ipi inasaidia zaidi bado hawajui, ndiyo maana wanapima. Ukikubali unafunguliwa bahasha iliyofungwa, ndani imeandikwa vidonge au upasuaji, na hakuna wa kukuchagulia.

Sabra akakubali. Kuingia chumba cha kuandikishwa, anayeandikisha ni Stambuli! Sabra alikuwa anajua Stambuli anafanya kazi hospitali, hakujua ni hapo. Stambuli akamtazama, akafunika faili, akatoka. Hata salamu hakutoa. Akaingia muuguzi, dada Kristina, akafungua bahasha: upasuaji.

"Amejua nina kizazi kibovu, amenikimbia," Sabra akajisemea. Jioni simu ilipolia akaikata, akamfungia namba.

Alipasuliwa, akapona vizuri. Siku ya kurudi kuangaliwa mshono, Kristina akamuuliza, "Mdogo wangu, yule Stambuli umemfanya nini? Amekonda!"

"Mimi? Si yeye aliyenikimbia?"

"Akukimbie? Alikwenda kwa mkuu wetu akasema, 'Huyu nampenda, nikimwandika mkono wangu utamtafutia bahasha ya vidonge, asipasuliwe.' Kwetu hilo haliruhusiwi. Akahamishiwa chumba kingine siku hiyohiyo."

Sabra akaweka mkono juu ya mshono. Nje ya geti akaifungulia ile namba, akapiga.

"Njoo sokoni."

Stambuli akaja mbio mpaka kwenye meza ya karoti, shati limekunjamana, mara ya kwanza Sabra kumwona hivyo.

"Ungenisalimu hata kwa jicho!"

"Nilikosea. Niliogopa nikikutazama tena sitatoka."

"Daktari hajaniahidi mtoto, Stambuli."

"Sikuja kwa ajili ya mtoto."

Akaanza kuchagua karoti, mojamoja. Sabra akamwacha kwanza, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kaka, unanunua karoti au unaposa?"

Stambuli akaziweka zote mezani.

"Naposa, Sabra. Hata ile Jumamosi nilikuwa naposa."