Yuko kwa Bujiku

Mzani haukusogea. Hilo ndilo lililotangulia, wajukuu zangu, na kama Bujiku angelitilia maanani, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Bujiku alikuwa mpakizi wa ndege ndogo ya mizigo. Mwaka ule mvua zilikata barabara, chanjo za ng'ombe zikawa zinapelekwa Mwanhuzi kwa ndege kutoka Bariadi. Ikirudi, ndege ilibeba masanduku ya barafu yenye damu ya ng'ombe ya kwenda kupimwa. Bujiku alipima kila kitu kwenye mzani wa chini, akapakia, akafunga kamba, kisha akakaa nyuma na mizigo yake. Mbele alikaa rubani Ferdinand, mtu wa Bukoba, mpole lakini wa sheria. Na sheria pale kila mtu aliijua: ndege ya mizigo hapandi asiye mfanyakazi, labda awe anachunga mnyama anayesafirishwa. Mwalimu aliomba lifti akakataliwa. Mtu wa halmashauri aliomba, naye akaambiwa abiria wana ndege zao.

Sasa mchana mmoja pale Mwanhuzi, Ferdinand akiwa upande wa pili anakagua tairi, alitokea mama mzee aliyejifunga kaniki. Uwanja mzima ulikuwa tope, lakini miguu yake ilikuwa mikavu. Bujiku akamwamkia, "Mwadila, mayu." Mama akaitikia taratibu, akaeleza kwamba ana mjukuu anaumwa Bariadi, barabara imekatika, na hana mtu wa kumfikisha.

Bujiku alilelewa na bibi yake. Kumwambia mama mzee "haiwezekani" kulimshinda mdomoni. Akamsimamisha kwenye mzani, mshale ukabaki palepale kwenye sifuri. Akakigonga kioo kwa kidole, akadhani vumbi limeushika. Basi akavua kizibao chake cha kazi, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, akamvika.

"Wewe sasa ni mtu wangu," akamnong'oneza. "Akikuuliza yeyote, sema uko kwa Bujiku."

"Niko kwa Bujiku," mama akarudia, kama mtoto anayefundishwa njia ya nyumbani. "Wabeja, baba," akashukuru.

Rubani alipogeuka akaona kizibao, akadhani ni kibarua mpya. Bujiku akamwambia ni wa kwetu. Wakaruka. Njia nzima ndege ilinuka ngozi mbichi, na Bujiku akajiambia labda sanduku la damu limevuja.

Walipotua Bariadi akafungua mlango, akageuka ili amshike mkono mama ashuke. Kizibao kilikuwa juu ya masanduku, kimekunjwa vizuri. Mtu hakuwepo.

Alijiambia ameshuka upesi, kawahi kwa mjukuu wake. Jioni alipofika nyumbani, mkewe Minza alikuwa anapuliza moto, na mgongoni hakuwa na mtoto. Mtoto wao, Sayi, alikuwa bado ananyonya.

"Mgeni wako amefika," Minza akasema. "Kasema yuko kwa Bujiku. Nimempa kigoda, kanishikia mtoto nisonge ugali. Nimegeuka, kigoda kitupu, mtoto kalala kwenye mkeka. Ni shangazi yako wa wapi yule?"

Bujiku akainama mlangoni, akaingia. Ndani ya nyumba mlikuwa na harufu ile ile.

Tangu hapo kila alasiri, wakati nyumba nyingine zimelala joto la mchana, Minza akawa anasikia kigoda kikivutwa sakafuni chumbani alikolala mtoto, na sauti ya chini ikibembeleza kwa Kisukuma cha zamani. Akikimbia kuingia anakuta kigoda kimesogea kitandani na mtoto anatazama pale juu ya kigoda akicheka. Mwanzoni hapakuwa na alama yoyote chini. Baadaye vumbi la sakafu likaonyesha unyayo, hafifu kama wa kuku. Kisha ukawa unyayo wa mtu.

Na Sayi akaanza kuwa mwepesi.

Hakukonda, sikilizeni vizuri. Mashavu yalikuwa yamejaa, mapaja yana mikunjo, ananyonya mpaka anakoroma. Lakini Minza akimfunga mgongoni alikuwa anageuza shingo kuangalia kama yumo. Kliniki, nesi Eufrasia alimtundika kwenye mzani, akatazama mshale, akamtazama mtoto, akauliza kwa upole nyumbani wanamlisha nini. Minza akarudi analia njia nzima, na kila alivyolia alimkaza zaidi kwenye kanga, kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa unavuma kutoka porini na yeye, mama mzima mwenye akili zake, alikuwa anaogopa upepo ule usije ukamchukua mwanawe mgongoni kama unavyochukua pamba iliyoachwa wazi shambani.

Usiku huo Bujiku akamweleza yote. Minza akataka wampeleke mtoto kwa mzee Machibya, mganga wa Lingeka karibu na Mwanhuzi, na njia ya haraka ilikuwa ile ndege.

"Asiye mfanyakazi hapandi," Bujiku akasema.

"Yule ulimpandisha," Minza akasema. "Mwanao ndiye hapandi?"

Bujiku aliogopa kwamba akivunja tena sheria atafungua mlango mwingine. Akaenda peke yake. Mizigo ilipokuwa inashushwa Mwanhuzi, Ferdinand akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba yule kibarua wake hakuwahi kumwona akishuka, na kwamba tangu siku ile kila asubuhi anaukuta mkanda wa kiti cha nyuma umefungwa, umekazwa, kama umeshika tumbo la mtu. Bujiku akachukua pikipiki hadi Lingeka.

Machibya hakupiga ramli wala hakuchoma kitu. Alimsikiliza akiwa anakamua mbuzi, akamaliza, akasema lile ni jini la malambo wanakonyweshea ng'ombe, limefuata damu ya masanduku yao. Halina uzito wala kwao. Asingelipokea, lingezunguka pale uwanjani mpaka lichoke.

"Wewe umelipatia makao kwako," akasema. "Umelivika nguo ya kazi yako, ukalitajia jina lako. Mtu wako haondoki kwa dawa. Rudisha hiyo nguo na hiyo kazi. Simama pale ulipolipokea, useme si lako. Na ukiulizwa tena, popote, usikubali kwamba ni lako. Ukikubali, linarudi na njaa ya mara mbili."

Kazi ile ndiyo ilikuwa inawaweka mjini. Bujiku aliiacha siku hiyo hiyo. Alitandika kizibao juu ya mzani wa Mwanhuzi, na mshale, mbele ya macho ya Ferdinand, ukashuka kama mzani umekaliwa na mtoto mnono. Akatamka maneno aliyofundishwa. Mshale ukatetemeka, ukarudi taratibu kwenye sifuri. Ferdinand akafanya ishara ya msalaba. Na kwa kuwa Bujiku hakuwa tena mfanyakazi, Ferdinand hakuwa na namna ya kumpandisha. Akarudi Bariadi kwa miguu, kwa mitumbwi ya kuvushia watu na kwa malori yaliyokwama.

Alipofika alimkuta Minza mlangoni amembeba Sayi kwa mikono miwili, anacheka na kulia, anasema mgongo unamuuma.

Siku ya kliniki walienda wote. Eufrasia akamtundika Sayi, mshale ukashuka vizuri, akapiga makofi. Kina mama kwenye benchi wakamtania Bujiku kwamba baba akibaki nyumbani mtoto ananenepa. Akacheka pamoja nao. Alikuwa hajacheka muda mrefu.

"Bibi yenu naye mkarimu," Eufrasia akasema huku akimfungua mtoto. "Nimemkuta amesimama nje juani, nikamwambia aingie. Kasema yuko kwa Bujiku. Ndiye wenu, siyo?"

 Ile harufu ya ngozi mbichi ilishaingia dirishani. Mkono wa Minza ukamshika Bujiku kiwiko, kucha zikazama. Kwenye kona ya benchi, kaniki ilikuwa imeinama juu ya mtoto wa mwanamke mwingine, binti mdogo wa Nyalikungu aliyekuja mjini kusalimia dada yake, na binti yule alikuwa anashukuru kwa kushikiwa.

Angesema ndiyo, mtoto yule angepona. Bujiku alishampokea Sayi mikononi, mzito, wa moto, anamvuta kidevu.

"Simjui," Bujiku akasema. "Si wa kwetu."

Wakatoka bila kuaga. Walipokuwa wanavuka kizingiti walisikia nyuma yao mtoto wa binti yule akitundikwa, kisha kimya, kisha kidole cha nesi kikigonga kioo cha mzani.

"Nao mzani huu," Eufrasia akasema. "Vumbi."