Kijiko Kimoja cha Damu

Usijifanye hujui. Umewahi kupita katika wodi ya upasuaji, ukaona vitanda arobaini na muuguzi mmoja, ukageuza uso ukatazama dari. Mimi sijasahau. Basi leo utatazama kitanda cha kumi na saba, pale chini ubavuni, ulipofungwa mfuko wa plastiki.

Kitandani alilala fundi wa kuchomea vyuma. Siku tisa zilizopita alikatwa sehemu ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo ambacho hutoa maji ya kusaga chakula. Mrija ulitoka ubavuni mwake ukitiririsha majimaji mfukoni.

Binti yake wa miaka kumi na miwili alifika kila asubuhi kabla ya shule akiwa na shuka safi, na kila alasiri akarudi. Ukoo mzima ulimwita Kiherehere, kwa maswali yake. Aliyelala wodini kumwuguza ni Shangazi, dada wa fundi. Usiku tisa juu ya sakafu ya saruji. Miguu imevimba, macho mekundu.

Wodi ile ilikuwa na mazoea yake. Kwa kuwa muuguzi mmoja hatoshi, jamaa ndio waliopima majimaji, wakayamwaga, wakaandika kiasi na rangi kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Shangazi haoni vizuri maandishi ya karibu, kwa hiyo alipima yeye, akaandika Kiherehere.

Jana jioni yalitoka mekundu.

"Shangazi, hii ni damu."

"Damu gani? Kijiko kimoja tu, na imekatika yenyewe. Andika njano."

"Lakini Shangazi..."

"Wakiona nyekundu watamshikilia wiki nyingine. Mgongo wangu umekwisha, mwanangu. Andika, twende zetu nyumbani."

Akaandika: njano.

Asubuhi hii baba alimpokea kwa utani, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Karani wangu huyo! Leo andika niruhusiwe." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Kiherehere aliinama. Ndani ya mrija kulikuwa na uzi mwekundu. Shangazi tayari alikuwa ameshika beseni. "Lete mfuko niusafishe. Madaktari wanaanza kupita, wasikute uchafu."

Mtoto aliukumbatia mfuko.

"Haya, mpisheni daktari bingwa!" alicheka mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi wa kupaka rangi.

"Usiniaibishe mbele za watu," Shangazi alinong'ona. "Lete!"

Kiherehere akiuachia mfuko, hakuna atakayejua kitu. Akisema, itajulikana pia kwamba jana alidanganya. Akamtazama baba, na lile jasho. Akauning'iniza mfuko mahali pake, akakimbia.

Muuguzi alikuwa kitanda cha thelathini na moja, akisukuma sindano. "Nakuja, mwanangu. Si unaona nilivyo?"

"Sista, baba anatoka damu. Na jana pia ilitoka. Niliandika uongo."

Muuguzi alimaliza sindano ile, akaweka sinia chini. Hakuuliza la pili. Alimpima fundi mapigo ya moyo, akatazama mrija, akamwita daktari kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. Yule mpaka rangi akaacha kucheka.

"Imetoka mara ngapi?" daktari aliuliza.

"Mara mbili," alisema Kiherehere.

"Mara tatu," alisema Shangazi, akitazama sakafu. "Alfajiri nilimwaga peke yangu."

Daktari alikwishaanza kusukuma kitanda. "Maji ya kongosho yakivuja hula ukuta wa mshipa," alisema akitembea. "Damu kidogo hubisha hodi, mama. Nyingi haibishi."

Walimpiga picha ya mishipa. Mmoja ulikuwa umelika, unangoja kupasuka. Wakapitisha mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja, wakauziba ule uliolika kabla haujapasuka. Saa tisa alasiri fundi alirudishwa, amepauka kama jivu, akitaka kujua nani kamwandikia apasuliwe tena.

"Hukupasuliwa, Baba. Umezibwa tu."

"Kama bomba? Ufundi huo naujua."

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ningemzika ndugu yangu kwa ajili ya usafi."

"Ni uchovu, dada," alisema muuguzi, akiegemea ukuta. Naye hakuwa ameketi tangu alfajiri. "Sikulaumu. Lakini sikieni wote wawili. Nikiwa kitanda cha thelathini, karatasi hii ndiyo macho yangu. Ukiandika uongo, umenipofusha, na anayeumia ni mgonjwa wako. Ukweli uliochelewa usiku mmoja ulitaka kumpoteza. Bora uliusema."

Kiherehere alichukua kalamu. Akalikata neno njano kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: nyekundu, kijiko kimoja, jana jioni.

Nawe unayesoma, una mtu wako wodini au nyumbani, ametoka kupasuliwa, ana mrija. Nenda leo. Utazame mfuko kwa macho yako. Ukiona wekundu, hata wa kijiko, usimwage, usioshe, usingoje kesho. Mwite muuguzi hapo hapo. Kisha waulize wakubwa wa hospitali kwa sauti: kwa nini muuguzi ni mmoja? Funga kitabu. Inuka.