Kikombe cha Damu ya Fisi

Garissa ya mwaka tisini na saba barafu ilipatikana kwa mzee Korane tu, nyuma ya soko. Asubuhi hiyo kulibaki bonge moja, na mikono ya watu wawili ikalishika kwa pamoja.

"Hii ni ya kazi, abaayo," alisema kijana, akimwita dada kwa Kisomali.

"Na yangu ni ya mchezo?" alijibu msichana. "Mzee, likate katikati kabla hatujagombania maji."

Msichana ni Nurto, mwenye kibanda cha juisi karibu na stendi. Siku hiyo alijitanda garbasaari ya rangi ya embe bivu, na hata Korane, pamoja na uzee wake, aliikata barafu polepole ili amtazame. Kijana ni Abdub, mpishi wa shirika moja la misaada, Mborana aliyelelewa upande wa Moyale, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola ikasimama. Kisomali chake kilikuwa cha kuulizia njia, na Nurto Kiborana hakujua hata salamu. Walichobaki nacho ni Kiswahili, na kiliwatosha kabisa.

Abdub alimbebea barafu yake mpaka kibandani. Nurto akammiminia juisi ya tikiti maji yenye ndimu.

"Asante, sina kiu," alisema Abdub kwa adabu.

"Kunywa. Mtu asiye na kiu Garissa ni maiti."

Alikunywa, na kuanzia siku hiyo hakukosa kupita kila alasiri. Hakusema "hujambo" tena. Alisimama mbele ya kibanda na kusema, "Nina kiu," naye Nurto alicheka huku akitafuta gilasi iliyo safi kuliko zote. Walipendana, mwenye macho aliliona hilo.

Alasiri moja Abdub alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu Garissa. Utotoni, mwaka wa ukame mkubwa, maziwa yalikauka akawa anakufa. Nyanya yake alimtoboa ng'ombe mshipa, akachanganya damu na tone la maziwa lililobaki, akamnywesha.

Nurto aliacha kufuta gilasi. "Mama yangu asisikie hilo. Tayari anauliza kwa nini nisipate Msomali mwenzangu."

"Nikileta wazee wangu, atawakataa?"

"Asiposikia hilo, sijui. Akisikia, atawakataa."

Basi mwishoni mwa Oktoba, Mama Kathy, Mmarekani aliyeongoza ofisi ya akina Abdub, alitaka kuwafanyia watoto wa madereva na walinzi sherehe ya kutishana.

"Kwao watoto huvaa kama mazimwi, wakatishana kwa raha zao," Abdub alieleza. "Anataka vinywaji vya kutisha. Nimekutaja wewe."

"Watoto wa hapa wanatishwa bure na fisi, na wazazi hawafurahi," alisema Nurto. Lakini macho yake yaling'aa, na kabla jua halijazama walikuwa wamepanga kila kitu.

Sherehe ilifana. Nurto alisimama nyuma ya meza katika dirac, gauni jepesi la zambarau, akimimina kwa upawa. Ukwaju mweusi uliitwa maji ya kisima cha majini. Maziwa ya ngamia yaliyopigwa na embe yaliitwa makamasi ya zimwi, na ndiyo yaliyogombaniwa. Katika kila kikombe lilielea jicho, yaani kipande cha barafu chenye zabibu kavu katikati. Abdub alivaa gunia na masikio ya fisi ya katoni, akinguruma.

"Na hii nyekundu ni nini?" aliuliza mtoto mmoja.

Nurto alikuwa hajaipa jina juisi yake ya tikiti. Abdub akadakia kwa sauti nzito, "Hiyo ni damu ya fisi! Nimeikamua mwenyewe!"

Watoto walipiga kelele, wakanyoosha vikombe. Nurto alicheka mpaka akashika meza.

"Fisi wangu mzuri," alimnong'oneza.

"Sema tena."

"Nenda ukangurume huko."

Kicheko chao kilidumu jioni moja tu. Watoto walirudi nyumbani na midomo myekundu, wakatangaza kwamba wamekunywa damu ya fisi, tamu sana, na Mborana ndiye aliyeikamua. Damu ni haramu na fisi ni haramu. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Nurto binti Faduma amewanywesha watoto wa Kiislamu haramu mbili katika kikombe kimoja. Wateja waliacha kuja. Wengine walipita upande wa pili wa barabara wakitema mate.

Na Abdub hakuonekana. Alfajiri ile alikuwa ametumwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Hagadera pamoja na lori la unga, safari ya siku moja kwenda na kurudi. Alimwachia mlinzi wa ofisi salamu, mlinzi akasahau kuzifikisha. Halafu mvua ya El Niño ikafunguka, barabara ikageuka ziwa, na Hagadera ikawa mbali kama Makka.

"Amekimbia," Mama Faduma alimwambia binti yake. "Ameharibu jina yako akakimbia."

"Hooyo, ilikuwa tikiti."

"Mimi najua ni tikiti, nilikuona unabeba. Watu hawajui. Huyo aliita damu mbele ya watu, na yeye aseme mbele ya watu ilikuwa nini. Kama hawezi, wazee wake wasilete mguu kwangu."

Nurto alilia wiki nzima, kisha akachoka kulia akakasirika, na hasira ikamtuma ofisini, kwa yule mlinzi, kumuuliza Abdub yuko wapi. Mlinzi alijipiga paji la uso. "Wallahi nimesahau! Alisema nikwambie ana kiu, atarudi. Mvua imemfungia Hagadera."

Nurto alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaenda kumchukua mama yake.

Simu za kambini zilikuwa zimekatika, ila ofisi ilikuwa na redio ya upepo, ile ya kuongea kituo kwa kituo. Mowlid, mtu wa redio, aliwaonya kwamba kila kituo kinasikiliza, kuanzia Garissa hadi Wajir, na kwamba anayemaliza zamu yake husema "ova".

"Ndiyo fizuri," alisema Mama Faduma, buibui yake ikichuruzika maji. "Nataka wasikie."

Abdub aliitwa. Sauti ilikuja na mikwaruzo. "Nurto? Ni wewe? Ova."

"Ni mama yake," alisema Faduma. "Watoto walikunywa nini? Sema bole bole."

Nurto alimweleza upesi yaliyompata. Kisha sauti ya Abdub ikarudi.

"Ilikuwa tikiti maji na ndimu. Nurto alisaga kwa mikono yake. Jina la damu lilikuwa mzaha wangu, na kosa ni langu mimi Abdub, si lake. Wote mnaonisikiliza, mwambieni kila mtu. Ova."

Ingetosha. Lakini Faduma hakuachia kipaza sauti. "Na wewe mwenyewe? Watu wanasema nyinyi mnakunywa damu. Umewahi?"

Nurto alifumba macho. Abdub angeweza kusema hapana, na nani angejua? Nurto aliomba kwa Mungu kijana adanganye, kisha akaona haya kwa dua hiyo.

"Nimewahi, mama," ilisema sauti. "Nilikuwa mtoto, mwaka wa ukame. Nilikuwa nakufa. Nyanya yangu alinipa ya ng'ombe. Siwezi kuoa kwako na uongo. Ova."

Faduma aliitazama ile redio. Mwaka ule wa ukame yeye naye alikuwa na mtoto mdogo kuliko Nurto, na hakuwa na ng'ombe wa kumtoboa. Mtoto huyo alizikwa njiani. Alipangusa uso kwa ncha ya buibui.

"Mtu wa kufa na njaa Mungu amemruhusu," alisema. "Nyanya yako yuko hai?"

"Alifariki, mama."

"Mungu amrehemu. Alifanya kazi ya mama." Akavuta pumzi. "Maji ikishuka, lete wazee. Ova."

Redio ikapasuka kwa vifijo, hongera kutoka Wajir, hongera kutoka Dadaab, hata dereva mmoja aliyekwama matopeni mahali ambapo hata yeye hapajui akapiga vigelegele vibaya sana. Mowlid alimpa Nurto kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili, na kwa kuwa mama yake alikuwa hapo na dunia nzima inasikiliza, mapenzi yake yote akayaweka katika maneno machache.

"Fisi wangu," alisema. "Rudi na kiu yako. Ova."