Mdomo wa Mlango wa Kaskazini

Dada yangu Hetty Garbutt alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Simsifu. Mara nyingi nilimwonea aibu, Mungu anisamehe, hasa tukiwa ibadani. Aliuza jibini na siagi kwenye uwanja wa soko, mbele ya kanisa kuu la Selminster. Hata ukiwa jikoni kwangu, nyuma ya kiwanda cha ngozi, mlango umefungwa na birika linachemka, bado ungemsikia: "Jibiniii! Njoo uonje kabla hujafa!"

Alhamisi moja ya Oktoba, miaka michache baada ya Vita vya Kaiza, ile Vita Kuu ya Kwanza, nilikuwa kibandani pake nikimalizia kipande cha pai. Mara akaja Kanoni Prewett, msimamizi wa kwaya, mtu mpole mwenye mikono laini. Nilijua anakuja kugomba. Wakuu wa kanisa walitaka soko liondolewe pale, lipelekwe nje ya mji karibu na stesheni, eti kelele zinaharibu ibada. Na kila siku ya soko Hetty alikuwa akipanda juu ya kreti kuwaambia watu wasikubali.

Lakini Kanoni alivua kofia. "Bi Garbutt, tumekuchagua wewe. Kwa mlango wa kaskazini."

"Kuusugua?" Hetty akauliza.

Soko zima likacheka. Kanoni naye akacheka kidogo.

"La. Tunataka uso wako."

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Juu ya mlango wa kaskazini hukaa kichwa cha jiwe, kimechongwa kwa sura ya mtu wa mjini aliye hai. Barafu ikikila, karne ikapita, kikaanguka, huchongwa kingine kwa sura ya mtu mwingine. Kile cha mwisho kilikuwa kimeanguka majira ya baridi yaliyopita. Na mchonga mawe wa kanisa alikuwa Amos Garbutt, mume wa Hetty.

"Basi mnichonge mdomo ukiwa wazi," Hetty akasema. "Nikiufumba hata mume wangu hatanijua."

"Ndiyo desturi," Kanoni akajibu. "Mdomo lazima ufunguliwe."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mimi ndiye niliyekuwa nikisugua vyombo vya shaba vya kanisa kila wiki bila malipo, na heshima imekwenda kwa dada mpiga kelele. Nilisali ili wivu ule uniondoke. Haukuniondoka upesi.

Amos alianza na paji la uso. Akaja kwenye macho na pua. Hetty alikuwa akikaa mbele yake kwenye banda la mafundi, akila tufaha na kumtania: "We Amos, pua hiyo ni ya mama yako, siyo yangu!" Siku patasi ilipogusa midomo, Hetty alikohoa. Kesho yake sauti ilikuwa imekwaruza. Tukamchemshia asali na limau. Amos aliendelea kuchimba mdomo, ndani, ndani zaidi, na kadiri alivyochimba ndivyo sauti ya dada yangu ilivyopungua. Kabla ya Desemba haikubaki hata ya kunong'ona. Daktari alimulika koo lake akasema ni zima kabisa.

Sokoni pakawa kimya. Bila Hetty juu ya kreti, wachuuzi wakaanza kuweka sahihi zao, mmoja mmoja, kukubali kuhamia stesheni.

Wiki ile nilishuka chumba cha chini ya kanisa kuchukua vyombo vya maua. Ilikuwa mchana, na juu yangu kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya zaburi. Kanisa letu lina sifa. Watu walikuwa wakija kwa treni kutoka London kuisikia Sauti ya Juu: kwaya ikiimba, huko darini husikika sauti moja zaidi, nyembamba, tamu, isiyo ya mwimbaji yeyote. Tangu kile kichwa kianguke, sauti hiyo ilikuwa imefifia, na wakuu walihangaika kweli.

Vichwa vya zamani huwekwa kule chini, kwenye rafu. Nilivijua tangu utotoni. Mwoka mikate wa wakati wa tauni. Mfumaji wa enzi za mfalme aliyezivunja nyumba za watawa. Mjane wa siku zile askari walipofunga farasi wao ndani ya kanisa. Mwalimu wa shule wa mwaka reli ilipofika. Siku hiyo, sijui kwa nini, niliyakumbuka pia mambo yao. Mwoka mikate alimpigia askofu kelele kwa kufungia nafaka watu wakifa. Mfumaji aliwazomea watu wa mfalme. Mjane aliwalaani askari mchana kweupe. Mwalimu aliwasema wenye viwanda waliowatumikisha watoto. Wote walikuwa watu wa kupaza sauti. Wote walipewa heshima. Na sijawahi kusikia hata mmoja wao alisema nini baada ya hapo.

Juu, kwaya ikapandisha. Nikainua taa. Mapaji ya nyuso zile za mawe yalikuwa makavu, yana vumbi. Midomo ilikuwa na mate.

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka bandani kwa Amos. Hakuwepo. Kichwa cha Hetty kilikuwa mezani, kimefunikwa gunia, tayari kupandishwa ukutani sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, siku chache kabla ya Krismasi. Nilisimama nikihema. Mvua. Kisha chini ya gunia, polepole, kama mtu anayejifunza kusema:

"Njoo... uonje... kabla hujafa."

Jioni hiyo tulikaa watatu jikoni kwa Hetty. Nilisimulia yote. Amos hakunibishia. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Na mimi nimeisikia," akanong'ona. "Tangu wiki iliyopita. Nilidhani ninarukwa na akili."

"Livunje jiwe hilo, shemeji."

"Nikilivunja na sauti imo ndani? Si itapotea moja kwa moja? Pengine na yeye mwenyewe..."

"Na likipandishwa ukutani?"

"Hapo ndipo mwisho. Marehemu baba, naye mchonga mawe, alikuwa akisema, chokaa ikikauka, mtu amekwisha. Nilidhani anazungumzia jiwe."

Hetty alikuwa akitusikiliza, amekunja mikono kifuani. Alisimama. Akamshika mumewe kidevu, akamwangalia, kisha akachukua nyundo kubwa iliyokuwa imeegemea mlango na kuipima uzito kama anavyopima jibini. Amos akalia. Hetty akampa kitambaa, akatuwekea chai.

Sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, saa za alasiri, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mabegani. Watu walijaa mbele ya mlango wa kaskazini. Kwaya ilikuwa imepangwa ngazini na mavazi meupe. Kichwa kilikuwa juu ya meza, chokaa imekwisha kukorogwa. Kanoni Prewett alisoma sala, nami nikashindwa kusema amina.

Hetty alitoka kwenye umati. Alikuwa amevaa aproni yake ya sokoni. Nyundo ilikuwa chini ya shali.

Kanoni aliiona. Hakupaza sauti. Alimsogelea, akainama, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilimsikia.

"Usifanye hivyo, Bi Garbutt. Utakufa na utasahaulika. Humu utaimba miaka mia na zaidi."

Hetty alimtemea mate kwenye kiatu.

"Inatosha sasa," Kanoni akanong'ona. "Jengo hili haliwezi kukaa kimya. Halijawahi."

Kwaya ikaanza zaburi. Na juu yao, ikitoka kwenye lile jiwe mezani, mbele ya watu wote, ikapanda sauti. Ilikuwa tamu. Mungu wangu, ilikuwa tamu. Wanawake walipiga magoti. Ilikuwa sauti ya dada yangu, imeoshwa, haina soko ndani yake, haina kicheko, haina hasira.

Nadhani hilo ndilo lililomuudhi.

Akainua nyundo. Akapiga.

Jiwe halikupasuka. Hetty akaanguka kwa goti moja, damu ikamtoka puani. Amos akapiga hatua. Hetty akamzuia kwa kiganja. Akasimama. Akapiga. Kanoni akapiga kelele, "Mshikeni!" Hakuna aliyesogea. Nikaona wachuuzi wa samaki wa moshi, wauza viazi, wale wale waliokwisha kutia sahihi, wamesimama bega kwa bega kuwazuia watumishi wa kanisa. Nami nilikuwa kati yao.

Akapiga mara ya tatu, na jiwe likapasuka.

Kilichotoka hakikuwa sauti moja. Wanaume, wanawake, lafudhi za kizamani ambazo hakuna anayezisema tena. Walikuwa wakizomea. Walikuwa wakilaani. Madirisha yalitetema kwenye fremu zake, kunguru wakaruka kutoka mnarani, kisha yote yakapita juu ya vichwa vyetu kama upepo na kwenda zake.

Hetty alikuwa amelala chini. Nilimwinua kichwa. Midomo yake ilisogea, kavu, imejaa unga wa jiwe.

"Wezi," akasema.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake ya kwanza. Ya pili aliitoa akiwa amepanda juu ya ile meza, na ilisikika mpaka stesheni.

Soko lipo mahali pake hadi leo. Amos aligoma kuchonga kichwa kingine, na mafundi wote wa mji wakagoma pamoja naye. Kanoni aliondoka mwaka uliofuata. Kwaya yetu sasa huimba kama kwaya yoyote, darini hakuna kitu, na watu wa London hawaji tena. Mimi husali vizuri zaidi katika kimya kile, ingawa wengine kanisani hawajatusamehe.

Juu ya mlango wa kaskazini pamebaki ukuta mtupu. Hakuna patasi iliyogusa pale. Lakini asubuhi za baridi kali, pumzi zetu zinapofuka moshi mweupe kila tuongeapo, kutoka kwenye ukuta ule nao hutoka moshi mdogo. Hutoka, hukatika. Hutoka, hukatika. Kama mtu aliyesimama anasubiri.

Leo nimewaona wageni wawili wakiunyooshea moshi ule vidole, wamepauka. Hetty, na nywele zake zote nyeupe, akaburuta kreti lake mpaka chini ya mlango, akapanda, akainua uso kwenye ule ukuta unaopumua.

"Jibiniii!"

Moshi ukasita.

"Umesikia?" akauuliza ule ukuta, na akaita tena.